Mwaka Mzee Issa Alipokatazwa Utani

Juzi tumemzika Mzee Issa kule Kigamboni, kwa binti yake, na mama mmoja niliyekaa naye mkeka mmoja akaniuliza taratibu marehemu alikuwa nani wangu, maana aliona nalia kuwazidi wenye msiba. Ukisema msibani kwamba alikuwa mtani wa baba yako, mtu anaweza kudhani umefuata ubwabwa. Lakini ndivyo alivyokuwa. Mzee Issa alikuwa Myao, fundi cherehani wa Tandale, na baba yangu alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, na kati ya makabila yale mawili kuna ruhusa ya zamani ya kutukanana bila kununiana, ruhusa ambayo hakuna anayejua nani aliitoa wala nani anaweza kuifuta. Mzee Issa akifika kwetu alikuwa haanzi na hodi. Alianza na matusi ya kutokea barabarani, kwamba nyumba hii inanuka panya wa kuchoma, Mmakonde gani huyu anajificha chumbani saa hizi, na Baba humo ndani alikuwa anajibu kwamba aache mizigo nje, wapagazi wa Kiyao hawaingii na viatu. Ndipo wanacheka, wanashikana mikono, na Mama anaweka chai. Nilikua nikidhani wanaume wote wanasalimiana hivyo.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonesha mgeni. Hata hivyo sikuwa na shida. Mie nilikuwaga na uhakika kwamba nitakuwa msomaji wa taarifa ya habari, na kila jioni nilishika chanuo mbele ya kioo cha Mama nikatangaza habari za Manzese: maji yamekatika, bei ya vitunguu imepanda, mbuzi wa mwenye nyumba ameonekana akila sare ya shule. Baba akikaa kitandani na msasa wake, akilainisha uso wa kinyago kidogo, alinisikiliza kama ni redio ya kweli, na nikimaliza alikuwa anauliza, "Na michezo je, Konso?" Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya barabara ya Morogoro, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, ya zile ambazo kuta zinaishia kabla ya kufika bati. Ukilala unasikia mabasi ya mwendokasi yakipita, na ukiwa macho unasikia kila mtu anavyoishi. Kwa hiyo siri ya kweli kwenye nyumba ile ilikuwa ni ile tu ambayo watu walikuwa wamekubaliana kutoisikia.

Mgongo wa Baba ulianza kuuma zamani, na sisi tuliulaumu mpingo. Mtu anayeinama juu ya gogo gumu vile maisha yake yote, mgongo usimuume umuume nani. Kisha mkojo ukaanza kumsumbua, akanyamaza kama wanaume wanavyonyamaza, hadi siku aliposhindwa kuinuka kwenye kigoda chake kule kwenye banda la wachongaji wakamleta nyumbani kwa bajaji akiwa amekaa upande kama mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Hospitali walipomaliza vipimo vyao daktari aliyetupokea alikuwa dada mdogo tu, mwenye sauti ya chini, aliyemwamkia Baba shikamoo kabla ya kufungua faili. Akamuuliza kama angependa aelezwe yote. Baba akasema yeye aambiwe siku ya kuja tu, mengine aambiwe mkewe na huyu binti aliyesoma, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi. Binti aliyesoma nilikuwa mie. Nilijisikia fahari kwa muda ule mfupi wa mlango kufungwa.

Daktari akachora uti wa mgongo kwenye karatasi, akaweka madoa. Saratani ya tezi dume, akasema, imetoka ilipoanzia imehamia mifupani, na kila doa lilikuwa mahali ilipojenga. Akatueleza mpango wao. Kulikuwa na dripu ya kemo, ambayo ingezunguka mwili mzima ikiwinda, na kulikuwa na dawa nyingine yenye mionzi, ya kuchomwa kwenye mshipa. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishangaza na inanishangaza hadi leo. Alisema mfupa unaoumwa una njaa ya madini ya kujijengea, nayo ile dawa inakwenda kama vile ni chakula chake, mfupa unaipokea wenyewe, na ikishakaa pale inachoma kwa karibu, sehemu ndogo tu, ile ile yenye ugonjwa. Nikajikuta natabasamu kwa ujanja wa dawa. Lakini akaongeza kwamba dawa hizi mbili zikitumika pamoja ni mzigo, kwa sababu damu inapikwa humo humo ndani ya mifupa, na zote mbili zinaligusa jiko hilo. Kila safari lazima damu ipimwe kwanza. Ikiwa imeshuka sana, hakuna dawa siku hiyo. Mama alikuwa akifuata kwa kutikisa kichwa. Mwisho akauliza neno moja tu, kama atapona. Daktari akasema hapana, hatapona, ila maumivu yanaweza kupungua sana na muda wake unaweza kurefuka. Nakumbuka Mama alikunja ile karatasi yenye uti wa mgongo akaiweka kifuani, tukatoka, na Baba akatuuliza ni lini. Mama akamwambia Jumatatu. Hakuuliza zaidi, wala sie hatukusema zaidi, na hivyo ndivyo lile neno hatapona lilivyohamia kwetu likakaa, chumbani, katikati ya kitanda na meza, tukawa tunalikwepa tukipita.

Sindano ya kwanza ya mionzi ilikuja na masharti. Dawa yenyewe ilitoka nje ya nchi kwa ndege na haiwekwi akiba. Daktari alisema nguvu yake inapungua yenyewe ikiwa safarini, mtu asipokuwepo siku ilipofika imepotea. Na baada ya kuchomwa, kwa siku kadhaa Baba asibebe mtoto wala asikae karibu na mjamzito, akikojoa achuchumae, maji yamwagwe mengi, nguo zake zifuliwe peke yake. Nyie mnaijua nyumba ya wapangaji. Choo ni kimoja, foleni ya asubuhi inaanza kabla ya jua, na mtu akionekana na ndoo mbili badala ya moja anaulizwa kafanya nini. Mama akawaambia wenzake kwamba mzee kachomwa sindano kali, basi, na wao wakakubaliana kutosikia zaidi. Aliyeshindwa kuelewa alikuwa mtoto wa mpangaji wa chumba cha mbele, kadogo hivi, kalikuwa kamezoea kukaa kwenye mapaja ya Baba kakichezea vumbi la msasa. Kalisimama mlangoni nje ya pazia kakimwita, "Babu Damasi, toka." Baba alikaa kimya upande wa pili wa pazia, amejikunja kama mwizi, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagusa kitambaa pale mkono wa mtoto ulipokuwa unakisukuma. Mtoto akachoka akaondoka. Baba akaniomba nimsomee habari.

Tuliambiwa pia kwamba maumivu yanaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Kuambiwa ni jambo moja. Yalipopanda, Baba alikuwa anauma shuka, na jasho lake likapita kwenye godoro hadi kwenye chaga. Mama alikuwa anakaa sakafuni ameshika unyayo wake, maana unyayo tu ndio ulikuwa hauumi. Mchana wa siku hiyo hiyo ndipo tuliposikia kutoka barabarani kwamba nyumba hii inanuka panya. Mzee Issa akaingia, akamwona rafiki yake alivyo, na nikaona uso wake ukisita kidogo sana, kama redio inavyokwaruza gari likipita. Halafu akavua futi ya kushonea shingoni, akaanza kumpima Baba kuanzia kisigino hadi utosini. Akasema kumbe Mmakonde huyu mfupi hivi, yeye alishaagiza sanda ya mtu mzima, kitambaa kitakachobaki atajishonea shati la Idi. Baba akacheka. Alicheka kwa nguvu, na kicheko kile kikamtikisa mbavu, akapiga kelele ya maumivu, na katikati ya kelele bado alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anamwambia Mzee Issa apime na domo lake ajue litaingia kaburi gani.

Mama hakucheka. Mzee Issa alipoaga alimfuata hadi ukumbini, na mie nikiwa kitandani pembeni ya Baba nikasikia kila kitu juu ya ukuta, Mama akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kiasi cha kutopandisha sauti. "Shemeji, nakuomba. Mume wangu anaumwa kweli. Ukija tena, njoo kama watu wengine wanavyokuja kumwona mgonjwa." Kisha Mzee Issa akasema sawa, mama, na nikasikia viatu vyake vikivaliwa. Baba alikuwa amefumba macho anapumua kwa mdomo. Nilidhani amepitiwa na usingizi, na labda kweli alikuwa amepitiwa.

Sasa hivi nasuka nywele, nina kibanda changu, na wateja wanaokaa mbele yangu masaa mengi wanaishia kunisimulia wagonjwa wao. Nimegundua kitu kimoja: watu wanajua sana kumhurumia mgonjwa, na huruma yetu yote ina sura moja. Tunashusha sauti, tunakaa ukingoni mwa kiti, tunapeleka machungwa. Mgonjwa akituangalia sisi anajisoma mwenyewe. Mama hakufanya kosa ambalo mke mwingine yeyote asingelifanya. Alitaka tu mume wake aumwe kwa heshima.

Maumivu yalishuka kama daktari alivyosema, na tukawa na kipindi kizuri ambacho hata kukisimulia naogopa kukiharibu. Baba alianza kulala chali. Akawa anakaa kizingitini asubuhi na patasi ndogo, anachonga vijiko, maana kinyago kilimtaka kuinama. Dripu ya kemo ilikuwa inakuja kila baada ya wiki tatu na ilimchukua nywele, ilimchubua mdomo hata chai ikawa lazima ipoe kabisa, lakini siku za katikati alikuwa mtu. Mama alikuwa anapambana na damu jikoni. Mchicha, maini, maharage, juisi ya rozela nyekundu kwenye jagi, uji wa ulezi uliokorogwa hadi unang'aa. Kila tulichosikia kinaongeza damu kiliingia kwenye sufuria yetu, na Baba alikuwa anakula kwa kutajiwa jina la kila kijiko, hiki cha mwenye nyumba, hiki cha askari wa barabarani. Tukienda kupimwa tulikaa kwenye benchi tukiomba ile damu iwe imefika. Mara moja ilikuwa haijafika tukarudishwa, na njia nzima Mama alikuwa anakumbuka vyakula. Safari iliyofuata ikafika.

Mzee Issa alikuja katika kipindi hicho kizuri. Hatukumsikia barabarani. Alibisha hodi mlangoni kwa vidole, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ana machungwa kwenye mfuko, akakaa ukingoni mwa kiti. "Pole sana, Bwana Damasi," akasema. "Mungu ni mwema. Atakupa wepesi." Baba akamwangalia kwa hamu, kama mtu anayesubiri mpira urushwe. Haukurushwa. Akamchokoza, akamuuliza leo Wayao wameiba kanzu ya nani. Mzee Issa akatazama mikono yake akasema tumshukuru Mungu kwa kila jambo. Wakazungumza habari za mvua. Alipoondoka aliagana na Baba kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni kama anatoka kwa mkwewe. Mie nilikuwa namenya chungwa. Nilipompa Baba kipande, hakukipokea. Alikuwa amegeukia ukutani. Akasema, siyo kwangu, aliuambia ukuta: "Issa ameniaga."

Kuanzia hapo akaacha matibabu. Jumatatu ya dripu alikaa kitandani amevaa nguo za kutokea, viatu miguuni, akakataa kusimama. Hakugomba. Alisema tu kwamba asante, imetosha, watu wasisumbuke tena kwa ajili yake. Mama akambembeleza hadi gari tulilokodi likaondoka. Daktari alipiga simu mwenyewe, akamweleza Mama kwamba dripu inaweza kusogezwa mbele kidogo, lakini sindano ya pili ya mionzi imeshaagizwa kwa jina lake, inafika Alhamisi, na Alhamisi ikipita yeye hana namna ya kuituliza isipungue. Na alituambia ukweli, kwamba maumivu yaliyolala yanaweza kuamka, na yakiamka tukiwa hatujafanya kitu itakuwa kazi ngumu kuyalaza tena.

Basi tukahangaika. Katekista alikuja akamsomea sala nzuri yenye utulivu. Baba mdogo akapiga simu kutoka Mtwara, akamwambia kaka, jipe moyo, sisi sote ni wasafiri. Wapangaji wakaja mmoja mmoja na vitu kwenye visahani, wakasimama wameshika mikono tumboni. Kila mmoja alikuwa mpole kuliko aliyetangulia, na kila upole ulikuwa unampigilia Baba msumari mwingine. Nilikuwa naona kwa macho anavyozidi kuzama kwenye godoro. Jioni ya Jumanne nilichukua chanuo nikasimama mbele yake. Nikatangaza kwamba habari zilizotufikia hivi punde kutoka Manzese zinasema mchongaji maarufu amegomea dawa iliyopanda ndege kumfuata yeye, na rubani amekasirika sana. Sauti ilinikatika pale kwenye rubani. Baba alinitazama kwa upendo mwingi, akasema, "Zima redio, mwanangu." Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikalia mpaka mama wa yule mtoto akaja kunifunika kanga mabegani bila kuniuliza. Nilikuwa msichana wa kuamini mambo mazuri. Siku ile nilitafuta jambo moja tu la kuamini sikuliona.

Ndani nikasikia Mama anamuuliza Baba kwa nini anatufanyia hivi. Naye akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza njia. Alisema nyie mnaweza kunificha, nyie ni watu wangu. Daktari anaweza kunificha, ndiyo kazi yake. Lakini mtani hawezi. "Mtani akianza kukuheshimu, wewe tayari ni maiti."

Mama alipotoka uani uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mwenyewe alipoudondosha mwiba aliokanyaga mwenzake. Akaniambia nivae viatu. Tukatembea hadi Tandale, tukapita kwenye wachuuzi wa soko wakifunga magunia, hadi kwenye baraza ya Mzee Issa. Alikuwa kwenye cherehani anashona sketi za shule, na alipotuona aliacha kukanyaga, gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe. Nadhani alijua tumeleta msiba. Mama hakukaa. Akamwambia, "Shemeji, mdomo wako niliufunga mimi. Naufungua." Akamsimulia yote, pamoja na lile la maiti. Mzee Issa alisikiliza amekunja sketi mapajani. Tulifikiri atainuka pale pale, lakini akasema jambo ambalo hatukulifikiria: akija leo na matusi, Damasi atajua ametumwa, na tusi la kutumwa halina nguvu, ni kama dawa iliyokwisha muda. Akatuambia twende nyumbani tukapike. Atafikiri. Tulirudi na Mama ananiuliza njiani, na asipopata la kusema je?

Jumatano asubuhi nilikuwa nachochea jiko uani nikasikia sauti barabarani, lakini siyo ya kelele za siku zote. Mzee Issa alikuwa anawauliza wapangaji kwa ustaarabu kama hapa ndipo kuna patasi za marehemu zinazogawiwa. Akapita ukumbini na gunia tupu. Nikamfuata. Aliingia chumbani bila salamu, akapiga magoti kwenye kona ya vifaa, akaanza kuchagua patasi moja moja, hii kali, hii butu kama akili za Kimakonde, anazitia guniani. Baba akamtazama. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Nani kakutuma?" Baba akauliza.

"Mkeo," Mzee Issa akasema, akaacha patasi. "Na mkeo ndiye aliyenikataza. Nikavaa kanzu, nikaja nikakaa hapa nimebana magoti kama mwali, nikakupa pole. Nilirudi nyumbani naumwa tumbo siku nzima."

Baba akageuza kichwa kwa Mama. Mama akaitikia kwa macho tu. Baba akarudi kwa mtani wake, na taratibu nikaona mdomo wake, uliochubuka, ukianza kucheza pembeni.

"Kwa hiyo hukuja kuniaga."

"Nikuage we? Mmakonde anaagwa? Mmakonde anafukuzwa."

Wakacheka, lakini kicheko cha Baba hakikufika mwisho. Kilikatika, akashika mkono wa Mzee Issa, akamuuliza sasa kwa dhati, kama mtu anayemuuliza fundi bei. Je, yeye anakufa au hafi? Hata sufuria za wapangaji hazikusikika juu ya kuta. Mzee Issa alisema hilo yeye halijui. Yeye anakata nguo. Lakini yuko anayelijua, na Damasi alimkimbia akaenda kukaa kwenye benchi. Kesho aende akamuulize, na yeye atamsindikiza, asije akakimbia tena.

Alhamisi tuliondoka wanne. Walimtoa Baba damu, tukakaa kusubiri majibu, na katika kumbukumbu zangu zote za mwaka ule hakuna sehemu yenye giza kama benchi lile lenye mwanga mwingi. Alikuwa hajala sawasawa tangu aache. Dawa ilikuwa imeshafika, iko humo ndani kwenye chombo chake kizito cha madini ya risasi, inapungua huku tumeikalia mlango, na kama damu haikufika, dawa ile isingekuwa ya mtu. Mama alikuwa anarudia vyakula kwa midomo bila sauti, mchicha, maini, rozela. Sista akatoka na karatasi, akatupita, akarudi, akasema imefika kwa shida lakini imefika, mzee aingie. Mzee Issa akabaki kwenye benchi. Tulioingia ni Mama na mie.

Daktari alikuwa ameshavaa glavu. Baba akamwomba asubiri kidogo. Akamuuliza kama dawa hizi mbili, hii na ile dripu, zitamponya. Daktari akamtazama Mama, na Mama akainamisha kichwa, akaachia. Ndipo yule dada akavua glavu, akavuta kigoda, akakaa hadi macho yake yakawa chini ya macho ya Baba.

"Hapana, mzee wangu. Hazitauondoa. Zitashusha maumivu, na zikikukubali pamoja, zitakuongezea muda. Muda gani, nikikutajia nitakuwa nakudanganya."

Baba akaangalia viganja vyake, vile vyenye makovu ya patasi. Akauliza muda huo ni wa kutembea au wa kulala. Daktari akasema wanapigania wa kutembea. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka, sijui kwa nini, nilidhani ukweli ungemwangusha kutoka kwenye kiti. Hakuanguka. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo akagundua ni mawe tu, akaanza kukunja mkono wa shati mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, hadi juu ya kiwiko.

"Haya," akasema. "Imetoka mbali. Isiharibike."

Baba hakuuona mwisho wa mwaka uliofuata. Miezi aliyopata, mingi alitembea. Alikwenda bandani kwao akasimamia vijana wakipasua gogo, alikula samaki, aligombana na mwenye nyumba. Kisha madoa yakarudi kwa nguvu, damu ikakataa kupanda, na daktari akazisimamisha dawa zote mbili, na hayo ni maumivu mengine ambayo leo siyaandiki. Ninaloliandika ni lile la dakika chache baada ya sindano, nilipotumwa nje kumwambia Mzee Issa.

Nilimkuta amesimama. Nikamweleza kama nilivyosikia, kwamba Baba ameuliza, ameambiwa hatapona, na amekubali dawa. Mzee Issa akaitikia, akageuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta wa korido, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona mwanaume mzee akilia hivyo, kimya kabisa, watu wanapita na mifuko yao ya chakula wanampisha. Nikasimama kati yake na mlango ili Baba asije akamwona ukifunguliwa. Baadaye akajifuta kwa upindo wa shati, macho yote mekundu, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli:

"Konso, nimekaaje?"

Nikamwambia amekaa kama Myao aliyenyeshewa.

Akanitazama, kisha akanipiga kofi jepesi la begani, akavuta pumzi na kusukuma mlango. Sista akamwambia mwenye mionzi asisogelewe, asimame hapo hapo. Akasimama hapo hapo, mikono kiunoni.

"We Mmakonde, hata kufa hujui," akasema. "Wenzio wanakufa mara moja, we unakufa kwa awamu."

Na Baba, kutoka kwenye kiti chake, mkono bado umebanwa pamba: "Sogea basi, we Myao. Sogea nikuchome kidogo, labda na wewe utapata mfupa."